Koti la Meja Prosser Halikuwahi Kuona Maji

Kanisani kwetu wamebandika bamba la shaba lenye jina la Meja Ithel Prosser, daktari wa jeshi, na chini ya jina wameandika kwamba mikono yake iliokoa wengi. Kila Jumapili nakaa mstari wa nne, nalitazama, na wimbo unanikatika. Si kwamba wameandika uongo. Baba yangu ni mmoja wa hao wengi, naye hukaa pembeni yangu na mguu wake mmoja, analitazama bamba lile lile huku macho yamemlowa. Lakini mimi nilimfulia Meja nguo miaka miwili, na mfuaji anajua mambo ya mtu ambayo hayaandikwi kwenye shaba.

Alizaliwa hapa hapa mjini kwetu Brecon, kule chini mtoni, nyumbani kwa mtengeneza ngozi. Upande ule mtu mwenye pua yake hupita mbio. Ngozi mbichi hulowekwa kwenye mashimo ya chokaa mpaka manyoya yatoke, halafu hulainishwa kwa mavi ya mbwa yaliyokorogwa na maji ya uvuguvugu. Wakorogaji, kwa mikono mitupu, walikuwa watoto wa mwenye nyumba. Meja alikuwa akisimulia hayo mezani, kijiko kiko mdomoni. Alisema alipofika miaka saba pua yake ilikuwa imeshakufa kabisa, na hiyo ndiyo bahati iliyomfanya awe daktari.

"Wenzangu walitapika siku ya kwanza ya kupasua maiti," aliniambia. "Mimi nilikuwa natafuna jibini."

Alijifunza kazi kwa daktari mmoja mzee, na mzee huyo alipostaafu alimrithisha koti lake la kazi, koti jeusi la sufu lililofika magotini. Madaktari wa kupasua wa siku zile hawakufua makoti yao. Kila aliyekatwa aliacha chake pale: damu, usaha, mafuta, vipande vya nyuzi za kidonda. Koti likazidi kuwa gumu, na ugumu huo ndio uliokuwa heshima ya mwenyewe. Mwenye koti laini alihesabiwa mwanafunzi. Koti la Prosser lilianza kukauka mwilini mwa yule mzee, likaendelea kukaukia kwake miaka thelathini na mitano, na lilikwenda naye vitani Krimea likarudi naye.

Huko Krimea ndiko alikopata msalaba wa Malkia, nishani ya ushujaa. Baba anaisimulia hadithi ile kila mwaka siku ya kuzaliwa kwake, na hajawahi kubadilisha neno. Risasi ilikuwa imemvunja goti, amelala kwenye tope baina ya majeshi mawili, na Warusi wanapiga. Akamwona mtu mfupi mnene anakuja mbio amejiinamia, hana bunduki, kanda za suruali zinampiga mapajani. Akambeba Baba mgongoni kama gunia la viazi. Akarudi akambeba mwingine. Akarudi tena mara ya tatu, akapigwa risasi ya bega, lakini yule wa tatu hakumwacha. Kisha akaingia hemani na kuukata mguu wa Baba kabla Baba hajamaliza kusema Baba Yetu. "Nilifika kwenye mkate wetu wa kila siku," Baba husema, "nikasikia kitu kimeanguka kwenye ndoo. Kumbe ni mimi."

Watu hucheka. Mimi pia nilikuwa nacheka, nilipokuwa mdogo.

Meja alirudi kwetu na nywele nyeupe, akanunua nyumba ya kilimani, juu ya mto, na kila aliyeumwa alimwendea. Mimi nilipojifungua Mabli, mwanangu wa kwanza, nilizalishwa na Bi Sioned, mkunga wetu wa zamani. Mabli alipofika miezi mitatu nikapata kazi ya kufua kwa Meja. Nilikuwa nikimfunga kwa shali ubavuni, kama tunavyobeba sote, akalala huku nikikoroga nguo.

Siku ya kwanza nilipoingia kwenye ujia wa jikoni nilidhani panya amekufa nyuma ya ukuta. Nikamwuliza mpishi. Akanionyesha msumari kwa kidole, bila kusema kitu. Koti lilikuwa limening'inia pale. Lakini halikuning'inia kama koti, mabega yamekaa yenyewe, mikono imejikunja kwenye viwiko kama imemshika mtu. Mbele lilikuwa linang'aa kama ngozi ya kiatu. Kwenye mifuko na pindo kulikuwa na ukoko wa kahawia ambao ukiutazama kwa karibu unaona una nywele ndani. Na nzi, hata mwezi wa pili, theluji iko nje.

Meja akanikuta nimesimama.

"Wewe Lowri, binti wa Hopcyn. Unalitazama nini koti langu?"

"Naliogopa, Bwana Meja. Naona kama limenikonyeza."

Akacheka mpaka tumbo likamtikisika. Akalitoa msumarini, akaliweka sakafuni, akaliachia. Likasimama lenyewe, mtu asiye na kichwa wala miguu, kwa muda wa kuhesabu mpaka tatu.

"Mguu sawa!" Meja akaliamuru. Likaanguka. "Askari wangu huyo. Sasa nisikilize. Mashati utafua, shuka utafua, soksi utafua. Huyu ukimgusisha maji nitakukata mkono."

"Kwa sekunde ngapi, Bwana Meja?"

"Wako mwembamba. Ishirini."

Hivyo ndivyo tulivyozungumza. Hakuwa mtu wa kisirani. Alimrusha Mabli juu akamdaka, na mimi moyo ukinidunda, si kwa kuogopa atamwangusha, kwa kutazama kucha zake. Baadaye nilimsugua mwanangu makwapani mpaka akalia.

Sikusoma sana, lakini nguo nazijua. Majira ya baridi ya mwaka wangu wa pili, Meja alizalisha wanawake watatu: mke wa mwoka mikate, mke wa mshona matandiko ya farasi, na binti wa mtoza ushuru kwenye kizuizi cha barabara. Magauni yao ya kulalia yaliletwa kwangu Jumatatu, maana nilifua na za majirani. Jumatatu iliyofuata ikaletwa shuka ya kulazia maiti. Mara tatu hivyo hivyo. Homa iliwashika siku ya tatu, tumbo likavimba, wakaanza kuita watu wasiokuwepo. Mke wa mwoka mikate alikuwa na miaka ishirini, gauni lake lilikuwa na maua madogo ya bluu shingoni aliyoyatarizi mwenyewe. Nililifua peke yake. Lilinuka. Na harufu ile niliijua, ilikuwa ya msumarini.

Mtoni nikamwuliza Bi Sioned kwa nini wanawake anaowazalisha yeye hawafi.

"Wanakufa pia, mwanangu. Mungu akitaka."

"Wachache."

Akakamua nguo yake bila kunitazama. "Mimi mama yangu alikuwa mtengeneza siagi. Ukitia mkono mchafu kwenye siagi, kesho imechacha. Alikuwa anatupiga vidole kwa mwiko. Nikawa mkunga na tabia ile ile. Kama siagi inachacha, sembuse mtu?" Kisha akasema polepole, "Na usiniseme mahali. Mimi sina msalaba kifuani."

Dada yangu Nest alikuwa na mimba wakati huo. Mumewe ni askari, yuko India, basi Nest alikuwa anakaa kwetu, mwembamba, tumbo limemtangulia kama amebeba kikapu. Baba alishaamua.

"Nest atazalishwa na Meja."

"Baba, Bi Sioned yupo."

"Bi Sioned hakunibeba mgongoni."

"Baba, wale watatu..."

"Wale walikufa kwa homa, Lowri. Homa inatoka hewani. Meja mwenyewe kasema." Akaugonga mguu wake wa mti sakafuni. "Unakula kwa mtu, unamsema mtu. Nani alikulea hivyo?"

Nest alinitazama tu. Jioni tulipokuwa tunamenya viazi akaninong'oneza: "Lile koti. Atakuja nalo?"

"Huwa anakwenda nalo."

"Basi nikianza kuumwa usimwambie Baba."

Lakini uchungu ulipoanza, Jumatatu alfajiri, haukufichika. Nilimwahi Bi Sioned kabla Baba hajatuma mtu kwa Meja; akaja, akanawa, akampima, akatoka nje na uso umebadilika. Mtoto amelala kikingama. Alishajaribu kumgeuza mara mbili.

"Mkono wangu umezeeka, hauna nguvu tena," akaniambia mlangoni. "Huyu anautaka mkono wa Prosser. Mkono nautaka. Vingine vyote abaki navyo huko."

Nikamfunga Mabli kwa shali nikakimbia.

Meja hakuwepo. Mpishi alisema yuko kwenye nyumba ya wageni ya wapeleka ng'ombe mnadani, anamkata mmoja wao mguu uliooza tangu wiki iliyopita. Nikangoja huku nikichochea moto chini ya jungu la shaba la kufulia, kwa sababu ilikuwa siku ya kufua na mikono yangu haijui kukaa bure. Akaja karibu saa nne asubuhi. Nilimsikia kwa pua kabla ya masikio. Koti lilikuwa limelowa upya mbele, na kwenye mkono wa kushoto palikuwa na kitu cha kijani kibichi kilichonata kama kamasi.

"Bwana Meja, dada yangu. Mtoto amelala kikingama. Mkunga ameshindwa."

"Tangu lini?"

"Alfajiri."

"Ana muda. Nile kwanza kidogo, tumbo tupu linanitetemesha mkono." Akalitundika koti, akaingia.

Mlango ulikuwa wazi nikamwona. Hakunawa. Mikono ilikuwa ya kahawia mpaka kwenye vifundo, imekaukiwa na damu kwenye mistari ya viganja. Akaumega mkate kwa mikono ile, akautosa kwenye mchuzi wa kondoo, akala, akalamba kidole gumba. Akamega tena. Mchuzi ukawa na wingu. Nikageuka ukutani nikafumba mdomo wa Mabli kwa kiganja, kana kwamba yeye ndiye angelishwa.

Mikono ile ndiyo iliyokuwa inakwenda kuingia ndani ya Nest, na koti lile ndilo lingemwinamia.

Nikachukua koleo la mti la kutolea nguo, nikalishika koti kwenye kola, nikalibeba mbali na mwanangu, nikalitumbukiza kwenye jungu. Halikuzama. Lilielea, mikono juu, kama mtu anayeomba asaidiwe. Nikalisukuma kwa mti wa kufulia, nikamwaga magadi yote yaliyokuwa kwenye kopo. Kila mfuaji anajua kwamba sufu haichemshwi. Nilijua. Nilidhani tu kwamba litarudi dogo na safi, nami nitapigwa.

Maji yakawa mekundu, yakawa kahawia, yakawa meusi. Juu yakapanda mafuta ya manjano, na kwenye mafuta nywele, za rangi nyingi, na nyuzi za bendeji, na nyuma yake kitu cheupe kidogo kilichogeuka-geuka. Jino. Ile harufu iliyokuwa imelala miaka yote kwenye kitambaa iliamka yote mara moja. Nikatapika kwenye majivu. Mpishi alikimbilia uani.

Meja akatoka anajifuta ndevu. "Twende. Koti langu liko wapi?"

"Linachemka, Bwana Meja."

Kwanza hakuelewa. Akatazama msumari, akatazama jungu. Akaninyang'anya mti, akaingiza, akainua. Kilichotoka hakikuwa koti. Kilikuwa mkono mmoja, halafu kipande cha mgongo, halafu matambara yanayokatika kwa uzito wa maji yake yenyewe. Kitambaa kilishaoza zamani. Kumbe damu peke yake ndiyo iliyokuwa imelishikilia.

Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Akalia. Nilimwona akilia, mtu huyu ambaye alitoka chumbani kwa mke wa mwoka mikate akaomba bia. Alikishika kile kipande cha mgongo magotini na machozi yakamtoka mpaka kwenye ndevu.

"Lilikuwa la mwalimu wangu," alisema. "Nimelivaa Krimea. Wewe mwanamke, unajua umefanya nini?"

"Bwana Meja, dada yangu anangoja."

"Siendi."

"Aproni iko hapa, safi, nimeipiga pasi jana."

"Aproni! Niende nikaonekane mwoka mikate? Nimalizie miaka arobaini ya kazi kwa aproni ya mfuaji? Mwite mkunga wenu na kunawa kwake."

Nilikuwa nimelipeleka koti kwenye maji ili Nest asife, na sasa Nest atakufa kwa sababu ya koti. Nilipiga magoti kwenye maji machafu yaliyomwagika. Nikamwomba. Hakunitazama.

Nikasikia gongo kwenye mawe ya uani. Baba alikuwa amechoka kungoja akaja mwenyewe, kilima chote kile kwa mguu mmoja. Alisimama mlangoni akaona yote: jungu, povu jeusi, mimi chini, Meja na tambara lake. Nilijikunja nikingoja gongo lile mgongoni.

"Nest anakuita, Lowri," alisema kwanza. Kisha, "Bwana Meja."

"Binti yako ameliua koti langu, Hopcyn."

"Naona."

"Siwezi kwenda hivi. Mimi ni mpasuaji."

Baba aliegemea gongo lake. Akasema, kwa sauti ile ya siku yake ya kuzaliwa: "Siku ile kwenye tope hukuwa na koti, bwana. Nilikuona unakuja. Ulikuwa na shati, na kanda za suruali zinakupiga mapajani. Kwa nini sasa?"

Meja alilitazama tambara kwa muda mrefu. Halafu akaliweka chini, taratibu, akanyoosha mikono mbele bila kunitazama usoni. Nilidhani anataka ainuliwe. Kumbe anataka kufungwa aproni.

Kabla sijamfunga nilimvuta kwenye karai la maji ya moto, nikamsugua kwa sabuni na burashi ya sakafu, kidole kwa kidole, kama ninavyomsugua Mabli. Nilimchimba kucha kwa pini ya nywele. Sitasema kilichotoka. Nilibadilisha maji mara tatu, na ya tatu bado yalikuwa na rangi. Aliniacha tu, amelegea kama mtoto anayesinzia.

Kwa Nest alikuwa mtu mwingine. Nilisimama kichwani nimemshika dada yangu mabega, nikaona mkono ule mfupi mnene, mwekundu kwa burashi, unavyofanya kazi. Haukukosea hata mara moja. Alimtafuta mtoto mguu, akamgeuza, akamtoa, na Bi Sioned mwenyewe akasema "Ee Mungu" kwa wivu. Mtoto wa kike. Nest alimwita Gwenno.

Tukahesabu siku. Siku ya tatu nililala sakafuni kando ya kitanda na kiganja changu kwenye paji la uso wake. Ya tano. Ya saba akaomba vitunguu majani vilivyochemshwa na jibini juu. Ya tisa aliamka akatandika kitanda mwenyewe, nami nikaenda nyuma ya banda nikalia mpaka Mabli akaanza kulia kwa sababu yangu.

Meja alinifukuza kazi siku ile ile ya kuzaliwa Gwenno, na alikuwa na haki. Nilitumaini angalau ameona. Nilikwenda kumwambia, Bwana Meja, Nest hakupata homa. Akanipiga bega. "Homa iko hewani, Lowri. Wiki ile upepo ulikuwa mzuri." Akanionyesha msumari. Koti jipya la sufu, jeusi, lilikuwa pale, na mbele tayari lina alama ya kiganja cha damu iliyokauka. "Naanza upya na miaka yangu sitini na moja," alisema kwa furaha. "Sitaliona likisimama, lakini naanza." Mwaka ule alizika wanawake wawili. Nilizijua shuka zao zikipita kwenye karai la mfuaji mwingine, na sikusema, maana nani angenisikiliza, na hilo nalo hunikatiza wimbo, si kosa la Meja peke yake.

Alikufa mwishoni mwa mwaka jana, usingizini, safi kabisa, mezani kwake kuna jibini. Bendi ya kambi ya jeshi ilipiga. Msalaba ulikwenda kwa mpwa wake. Koti, kwa wasia, lilikuja kwetu: "Kwa Hopcyn, mguu wangu bora kuliko yote niliyokata."

Baba alilitundika karibu na moto, jikoni kwangu, kwa msumari alioupigilia mwenyewe. Lilikuwa bado halijasimama, lakini lilishaanza kujikunja viwiko. Jikoni ikabadilika harufu. Nilihamisha mkate, nikahamisha maziwa.

"Usiliguse, Lowri," Baba akasema. "Safari hii, usiliguse."

"Nimekusikia, Baba."

Kila jioni alikaa mbele yake na kiko chake, anazungumza nalo kidogo. Nest akawa anakula chumbani. Hivyo wiki tatu. Jumatatu iliyopita, jungu langu la kufulia liko motoni, nilikuwa nakunja shuka, Mabli amemwachia Gwenno atambae, na Gwenno, ambaye meno yanamwota na anatafuna kila kitu, akafika chini ya msumari, akajiinua kwa pindo, akaivuta chini ncha ya mkono wa koti. Akaitia mdomoni. Akaanza kunyonya.

Nilipiga kelele, lakini Baba alinitangulia. Aliruka kutoka kitini bila gongo, kwa mguu ule mmoja, akaanguka goti moja sakafuni, akaitoa ile ncha mdomoni mwa mtoto, akaingiza kidole chake kumfuta ulimi, tena, na tena. Gwenno alilia. Kwenye kidevu chake kulikuwa na mate ya kahawia. Baba aliyatazama, akayatazama mkononi mwake, akanusa vidole. Sijui kama ni mara ya kwanza amelinusa.

Alikaa pale chini amemkumbatia mjukuu wake. Kisha akasema, bila kuinua kichwa:

"Maji yako yameshachemka?"